Maji ya kunywa Bunia: Kwa nini chujio lisilohitaji umeme linatufaa kuliko mashini kubwa

Kila asubuhi katika kartie za Bunia, kutoka Mudzipela mpaka Sukisa, bidoni za njano ziko barabarani kabla ya jua kupanda. Kuna wanaokwenda kwenye robine ya REGIDESO, kuna wanaokwenda kwenye chemchemi au kisima cha jirani, na maji yakipungua wakati wa kiangazi kuna wanaoteremka mpaka mtoni. Maji yanapatikana. Lakini ni jamaa chache zinazoweza kusema kwa uhakika kwamba maji ya bidoni ya leo hayataleta kuhara kesho.

Hali hiyo inashangaza katika nchi kama yetu. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti iliyosema kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika. Ripoti hiyohiyo ilisema watu milioni 51, yaani robo tatu ya wakaaji wa nchi wakati ule, hawakuwa na maji salama ya kunywa. REGIDESO iko tangu mwaka 1939. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahesabu maji ya kunywa kuwa haki ya raia.

Katika pengo hilo kati ya haki na bidoni, teknolojia moja imeanza kuzungumzwa sana: kuchuja maji kwa utando. Zamani ilikuwa ya nchi tajiri na meli za kivita. Leo inauzwa kwa sura nyingi, kuanzia chujio dogo la kufunga kwenye ndoo mpaka mashini ya ukubwa wa kontena. Kwa jimbo la Ituri, lililobeba kolera ya Ziwa Albert, kambi za waliohama na mito iliyochafuliwa na uchimbaji wa dhahabu, swali ni lipi kati ya hayo litaendelea kutoa maji baada ya mwaka mmoja, wageni wakisharudi makwao.

Kichungi chenye matundu yasiyoonekana

Mama anayechunga unga wa muhogo anaijua kanuni yote ya teknolojia hii. Unga unapita, makapi yanabaki juu, na ukubwa wa matundu ndio unaoamua kipi kipite. Utando wa kuchuja maji ni kichungi cha namna hiyo, uliotengenezwa mara nyingi kwa plastiki maalumu, wenye matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Tando nyingi za siku hizi zina umbo la mirija myembamba kama tambi, mamia kwa maelfu, iliyofungwa pamoja ndani ya bomba moja. Maji machafu yanabaki upande mmoja wa ukuta wa mirija hiyo, na maji safi yanapenya na kutokea upande wa pili.

Ili kuelewa vipimo, tuanze na unywele wa mtu. Upana wake ni karibu mikroni 70, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kijidudu cha kolera kina upana wa nusu mikroni hivi. Kundi la kwanza la tando, zinazoitwa za mikro, lina matundu ya mikroni 0.1 au zaidi kidogo. Tando hizo zinazuia tope, mayai ya minyoo, amiba na bakteria wa kolera na tifoidi, lakini virusi vingi vinapita. Kundi la pili, tando za altra, lina matundu ya kati ya mikroni 0.01 na 0.1. Zile zenye matundu madogo zaidi katika kundi hili zinazuia hata virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto wadogo.

Baada ya hapo zinakuja tando za nano na zile za osmosi ya kinyume. Za osmosi ya kinyume hazina matundu ya kawaida: maji yanajipenyeza katikati ya chembe za utando wenyewe. Zinazuia hata vitu vilivyoyeyuka, kama chumvi, floridi na metali. Lakini maji hayapiti humo bila kusukumwa kwa nguvu. Kwa maji ya bahari msukumo unaohitajika ni bar 55 hadi 70, wakati gurudumu la gari dogo lina bar mbili na kitu. Nguvu hiyo inatoka kwenye pampu, na pampu inahitaji umeme.

Kutoka kibofu cha nguruwe mpaka Oman

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunika chombo cha pombe kwa kibofu cha nguruwe, akakitia ndani ya maji, akaona maji yanapenya kuingia mpaka kibofu kinavimba. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla ya mtu kuweza kuigeuza safari hiyo na kupata faida. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando uliopitisha maji ya kutosha na kubakiza chumvi. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, huko huko California, ulianza kunywa maji ya mashini ya aina hiyo.

Tangu wakati huo maendeleo makubwa yamekuwa katika gharama ya umeme. Katika miaka ya 1970, kusafisha meta moja ya ujazo ya maji ya bahari, yaani lita 1,000, kulikula zaidi ya kilowati-saa 15. Leo mashini nzuri inatumia tatu hadi nne, kwa sababu tando zimekuwa bora na kuna vifaa vinavyorudisha nguvu ya maji yanayotupwa. Ndiyo maana nchi kama Oman, yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, inategemea bahari kwa sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Na mwaka 2018, huko Kiunga katika kaunti ya Lamu, Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, shirika la GivePower lilifunga mashini ya umeme wa jua inayoweza kutoa lita 75,000 za maji matamu kwa siku kutoka maji ya chumvi.

Shida ya Bunia si chumvi

Mifano hiyo inavutia, na ndiyo inayowekwa mbele na wauzaji. Lakini Bunia haiko kando ya bahari. Maji ya chemchemi, visima na mito yetu hayana chumvi ya kutuzuia kunywa. Yana tope wakati wa mvua, na mwaka mzima yana vijidudu vinavyotoka kwenye vyoo, mifugo na takataka. Kwa maji ya namna hiyo osmosi ya kinyume ni kama kukodi lori kubeba mfuko mmoja wa chumvi.

Tena mashini hiyo ina tabia tatu zinazoifanya iwe nzito kwa mji wetu. Kwanza, inasimama umeme ukikatika, na Bunia kila mkaaji anajua umeme unavyokatika. Pili, inatupa maji. Mashini ndogo nyingi, ili kutoa lita moja nzuri, zinamwaga lita mbili au tatu zilizobeba uchafu, jambo gumu kulieleza kwa mtu aliyepanga foleni kwa ajili ya bidoni moja. Tatu, tando zake nyingi zinaharibiwa na klori, dawa ileile inayotiwa kwenye maji ya bomba. Anayechuja maji ya REGIDESO kwa mashini hiyo, kwa mfano kiwanda kidogo cha maji ya sashe, inafaa kwanza ayapitishe kwenye makaa maalumu ya kuondoa klori, na makaa hayo yabadilishwe kwa wakati. Asipofanya hivyo, utando unaharibika na vitu vilivyotakiwa kuzuiliwa vinaanza kupita, bila mteja kuona tofauti yoyote machoni.

Kuna pia habari ya barabara. Vipuri na dawa nyingi zinafika Bunia kutoka Uganda, ama kupitia Mahagi kwa barabara ya kitaifa namba 27, ama kwa kuvuka Ziwa Albert. Wasafiri wa Ituri wanajua barabara hiyo imefungwa mara ngapi kwa sababu ya mashambulizi. Mashini inayohitaji dawa kila wiki na kipuri kila mwezi inategemea usalama wa barabara.

Mvumbuzi mmoja wa jirani zetu alilielewa jambo hili mapema. Askwar Hilonga, Mtanzania mwenye udaktari wa teknolojia ya nano, anayefundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na vitu vya nano vinavyokamata uchafu uliomo katika maji ya mahali husika. Huko Arusha tatizo kubwa ni floridi, inayoharibu meno na mifupa. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Msingi wa kazi yake ni kupima maji kwanza, ndipo kuchagua chujio.

Vioski vya Ziwa Victoria

Kwa maji yenye tope na vijidudu, habari inayotuhusu zaidi inatoka mashariki ya Uganda. Katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Victoria, kama Busime na Lugala, watafiti wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, pamoja na wenzao wa Uganda, walijenga vioski vya maji katikati ya miaka ya 2010. Ndani ya vioski hivyo kuna tando za altra, na msukumo wa kuchuja unatoka kwenye uzito wa maji yenyewe. Tangi la maji machafu liko juu, utando uko chini yake, na tofauti ya kimo cha meta moja hivi inatosha kuyapenyeza maji. Kwenye hatua ya kuchuja hakuna pampu wala dawa. Pampu ya umeme wa jua inahitajika tu kuyapandisha maji ya ziwa mpaka kwenye tangi, na mahali penye mlima kazi hiyo inaweza kufanywa na mteremko.

Kinachoshangaza katika njia hii ni namna inavyoshughulika na uchafu. Adui mkubwa wa utando wowote ni kuziba. Tope na vijidudu vinajikusanya juu yake mpaka maji yanakataa kupita, na katika mitambo ya kawaida inabidi kuuosha kwa msukumo wa nyuma au kwa dawa mara nyingi kwa siku. Watafiti wa Eawag walijaribu kuacha tabaka la uchafu libaki palepale. Walikuta kwamba mwanzoni maji yanapungua, kisha baada ya siku kadhaa kipimo kinatulia. Ndani ya tabaka lile kunakua viumbe vidogo vinavyokula uchafu na kutoboa njia za maji, na utando unaendelea kupitisha lita 4 hadi 10 kwa saa kwa kila meta moja ya mraba, miezi na miezi. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2010.

Tufanye hesabu ya hapa kwetu. Tuchukue kipimo cha chini, lita 5 kwa saa. Meta moja ya mraba ya utando inatoa lita 120 kwa siku nzima, usiku ikiwemo, yaani bidoni sita za lita 20. Meta 20 za mraba, ambazo kwa kuwa mirija imebanwa pamoja zinaenea mahali padogo, zinatoa lita 2,400. Hizo ni bidoni 120. Kwa shule yenye watoto 600 ni lita nne kwa kila mtoto. Kwa kituo cha afya zinatosha kunywesha wagonjwa na kumeza dawa. Hazitoshi kufua na kuoga, na hakuna haja: maji ya kufulia hayahitaji kupitishwa kwenye utando.

Katika kambi za waliohama, kama Kigonze hapa Bunia, kipimo cha kimataifa cha dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na kati ya hizo karibu lita tatu tu ni za kunywa. Kutenganisha maji ya kunywa na maji ya kazi nyingine kungepunguza sana ukubwa wa chujio linalohitajika.

Siku moja bila maji inazaa wagonjwa

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kung'ang'ania chujio lisilosimama? Jibu la wazi zaidi liko katika nchi yetu, huko Uvira katika Kivu ya Kusini. Watafiti wakiongozwa na Shule ya London ya Usafi na Magonjwa ya Tropiki walilinganisha hesabu za maji yaliyotolewa na REGIDESO ya Uvira na idadi ya wagonjwa walioingia katika kituo cha kutibu kolera, kati ya mwaka 2009 na 2014. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ya maji ya kutosha, ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote waliopokelewa ilihusishwa na kukatika kwa maji.

Maana yake ni kwamba jamaa zinazokunywa maji safi siku sita, na siku ya saba zikateremka ziwani, hazijaokoka. Chujio linaloondoa asilimia 99.99 ya vijidudu lakini linasimama kila umeme ukikatika linaweza kulinda watu kidogo kuliko chujio la kawaida lisilosimama kabisa. Kwa wakaaji wa Kasenyi na Tchomia, wanaoona kolera ikirudi mara kwa mara kwenye ukingo wa Ziwa Albert, hilo si jambo la vitabuni.

Kugawa chujio si kumaliza kazi

Kuna funzo lingine, la uchungu kidogo, kutoka magharibi ya Kenya. Mwaka 2011 karibu jamaa 880,000 za eneo hilo zilipewa bure chujio la LifeStraw, lenye utando wa altra, katika mradi uliolipwa kwa fedha za hewa ukaa. Hoja ilikuwa kwamba watu wasiochemsha maji hawatakata kuni. Chujio lenyewe halihitaji umeme na linafanya kazi. Lakini watafiti huru waliozitembelea jamaa hizo miaka miwili au mitatu baadaye walikuta ni sehemu ndogo tu zilizoendelea kulitumia. Vyombo vingine viliharibika, vingine viliziba, vingine vilionekana vinachelewesha maji.

Vioski vya Uganda vilichagua njia nyingine. Mteja analipa kidogo kwa kila bidoni, na fedha hiyo inamlipa mhudumu anayeosha tangi, kufungua na kufunga, na kumwita fundi. Utaratibu huo si mgeni Bunia. Visima na robine nyingi za umma tayari zina mtu anayekusanya pesa ya bidoni, na kamati. Kinachohitajika ni sehemu ya pesa hiyo kuwekwa pembeni kwa ajili ya utando mpya, maana utando wowote una mwisho wake, hata ukitunzwa vizuri.

Na maji yakishatoka kwenye utando, hatari haijaisha. Utando hauachi dawa yoyote ndani ya maji. Bidoni yenye utelezi wa kijani ndani, au kikombe kinachotumbukizwa na mkono mchafu, kinarudisha vijidudu kwa dakika moja. Kwa hiyo kiasi kidogo cha klori, cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, bado kinahitajika wakati wa kujaza, hasa kipindi cha kolera.

Maji ya kunawa yanaweza kurudi

Upande wa pili wa teknolojia hii ni kuyatumia maji tena. Wengi wakisikia hivyo wanakunja uso. Lakini mji wa Windhoek, Namibia, umekuwa ukirudisha maji machafu ya mji kwenye mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968, wa kwanza duniani kufanya hivyo, na kiwanda chake kipya cha mwaka 2002 kina tando za altra kati ya hatua zake nyingi. Windhoek ilisukumwa na ukame. Ina maabara, wataalamu na umeme, na Bunia haina sababu ya kuanzia huko.

Kuna hatua ndogo inayotufaa zaidi. Mwaka 2013 Kampala na mwaka 2014 Nairobi, Eawag ilijaribu choo chenye kinawio ambacho maji yake ya kunawa yanapita kwenye utando uleule wa kusukumwa na uzito, yanaondolewa vijidudu na kurudi kunawiwa. Si maji ya kunywa. Ni ya mikono tu. Tukumbuke kipindi cha Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ambapo watu 2,287 walifariki katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kila mlango wa ofisi, soko na kanisa ulikuwa na ndoo ya kunawa. Ugonjwa ulipoisha, ndoo nyingi zikakauka, sababu moja ikiwa kazi ya kuzijaza kila siku. Kinawio kinachorudisha maji yake kingepunguza mizigo ya bidoni kwenye shule zilizo mbali na chemchemi, ingawa bei yake bado ni ya majaribio na si ya soko.

Zebaki inapita

Kuna mahali ambapo ahadi za wauzaji inafaa zisikilizwe kwa tahadhari kubwa. Kaskazini ya Bunia, upande wa Kilo na Mongbwalu, dhahabu inachimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na leo mashimo na mashini za kuchimbia ziko kwenye mito mingi ya Djugu na Mambasa. Wachimbaji wanatumia zebaki, ile metali ya majimaji inayokamata dhahabu. Sehemu yake inaingia mtoni, inageuka kuwa sumu inayoshikamana na samaki, na kuharibu ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni.

Utando wa mikro au wa altra utaondoa tope la mto huo na kuyaacha maji yang'ae. Zebaki iliyoshikamana na tope itabaki, lakini ile iliyoyeyuka itapita. Ni tando za nano na za osmosi ya kinyume zinazoweza kuizuia, na hizo zina mahitaji tuliyoyataja. Maji yanayong'aa kutoka mto wenye uchimbaji yasiitwe salama mpaka yapimwe maabara. Kwa jamii za huko, kutafuta chemchemi iliyo juu ya machimbo na kuilinda ni kazi rahisi kuliko kuchuja sumu. Na gharama ya kusafisha mto inafaa imfikie anayeuchafua, si mama mwenye bidoni. Uchimbaji wenye mashini unaweza kulazimishwa kutuliza tope kwenye mabwawa na kuyatumia tena maji hayohayo badala ya kuyamwaga.

Maswali kabla ya kutoa pesa

Kamati ya maji, shule, kituo cha afya au mfanyabiashara anayefikiria kununua chujio la utando anaweza kuanza na maswali matano.

La kwanza: maji yetu yana nini? Yapimwe kwanza, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. La pili: matundu ya utando huu ni ya mikroni ngapi, na yanazuia bakteria tu, au na virusi pia? Muuzaji asiyejua jibu hajui anachouza. La tatu: umeme ukikatika siku tatu na barabara ikafungwa mwezi mmoja, maji yatatoka? La nne: nani atauosha, nani atamlipa, na utando mpya utanunuliwa kwa pesa ipi na kutoka wapi? La tano: maji yatabebwa ndani ya nini, na bidoni zitaoshwa vipi?

Kwa jamaa isiyo na chujio, njia za zamani hazijapoteza nguvu. Kuchemsha mpaka maji yatokote kunaua vijidudu vyote vya kolera, tifoidi na virusi, ingawa bei ya makala inaumiza. Hata nguo ina faida yake. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kolera karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake vinajishikiza kwenye viumbe vya majini vinavyonaswa na kitambaa. Kitenge kilichokunjwa mara nne, safi na cha kazi hiyo tu, hakitoshi peke yake, lakini kinaondoa tope na kufanya klori ifanye kazi vizuri.

Kwa wakubwa wa jimbo na mashirika yanayofanya kazi hapa, hatua ya kwanza haihitaji mamilioni ya dolari. Shule moja, kituo kimoja cha afya na kambi moja vingetosha kwa jaribio la mwaka mzima: tangi juu, utando chini, mhudumu anayelipwa, na vipimo vya kila mwezi. Bunia ina vyuo vikuu, na wanafunzi wa sayansi na afya wangeweza kupima maji hayo na kubandika matokeo ukutani, mahali mama mwenye bidoni anaweza kuyasoma. Baada ya mvua mbili na kiangazi kimoja tungejua kwa hesabu zetu wenyewe ni chujio gani linastahili kupelekwa Kasenyi, Tchomia na Mahagi, na ni lipi libaki dukani.